Deiwaka Watatu na Jina Moja

Hadithi ninayo, jibu sina. Nasema mapema ili mtu asije akanishika shati mwishoni. Anayetaka hadithi iliyokwisha kupikwa na kupakuliwa aende kwa mwingine, simzuii. Mimi yangu naileta mbichi, mtapika wenyewe. Basi sogeeni, watoto wakae mbele, na wewe uliyesimama mlangoni, ama ingia ama toka, unatuzibia mwanga.

Palikuwa na watu watatu katika mji wa Morogoro, na wote watatu walikuwa deiwaka. Deiwaka mnamjua: huitwa siku kazi ikiwepo, na kazi ikiisha hukunja vitu vyake akaondoka. Hana sare ya bendi, na picha ya pamoja ikipigwa yeye ndiye anayeombwa kuipiga.

Wa kwanza aliitwa Kobelo, fundi wa sauti. Kipawa chake kilikuwa masikio. Kobelo aliweza kusimama nje ya ukumbi, anakula muhogo wake wa kukaanga, akakwambia ni waya upi umelegea kule ndani.

Wa pili aliitwa Melkiori, mpiga gita. Kipawa chake kilikuwa kumfuata mtu. Ukiimba haraka, yupo nawe; ukipotea njia katikati ya beti, anapotea nawe na kukurudisha taratibu bila wasikilizaji kujua. Hata mlevi akiimba na Melkiori alionekana kama amefanya mazoezi wiki nzima.

Wa tatu aliitwa Semeni, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mchoraji wa mabango, na huyu ndiye nitakayekaa naye zaidi. Semeni alichora alichokisikia. Usije ukakaa mbele yake ukamwambia akuchore uso, utatoka umefanana na binamu yako. Lakini mwimbie wimbo mara moja, na kesho yake atakuletea kipande cha plaiwudi ambacho ukikitazama tu, maneno ya wimbo ule yanakupanda kooni.

Wote watatu walikuwa wakiitwa na Bendi ya Ghala, iliyofanyia mazoezi katika ghala la zamani la mkonge karibu na reli. Pale palikuwa na wachoraji, wachezaji, washairi, na vijana waliosema wanaandika kitabu. Semeni alikuwa na kona yake, ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, kwa miaka tisa. Miaka tisa yote hiyo wanabendi walimwita Dada Mabango. Nina hakika nusu yao hawakujua jina lake, na nusu iliyolijua haikuwa na sababu ya kulitumia.

Mazoezi yakiisha, wenye bendi waliondoka kwa makundi, na Semeni alirudi Mafiga peke yake, kwenye chumba kimoja chenye dirisha la kutazama ukuta wa jirani. Alikula akiwa amesimama. Akiugua, alipona mwenyewe. Mama yake alipofariki kule Kinole alikwenda kuzika akakaa siku nane, na aliporudi ghalani akiwa bado na kilemba cha msiba kichwani, kiongozi wa bendi, Mzee Chanzi, alimwuliza kama bango la Jumamosi liko tayari. Hakuwa mtu mbaya, Mzee Chanzi. Hakujua tu, kwa sababu hakuna aliyepaswa kumwambia. Semeni akajibu kwamba bango litakuwa tayari kesho, na likawa tayari.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Bendi ile ilikuwa na desturi yake. Katika kila wimbo wao mkubwa palikuwa na mahali ambapo ala zote hunyamaza kwa mapigo manne, na mwimbaji huita jina la mtu mmoja. Mtu huyo akishaitwa mbele ya watu, jina lake halibadilishwi tena. Na tangu siku hiyo yeye ni mtu wa bendi. Akiozesha, bendi inakuja na vyombo vyake. Akiugua, wanapokezana kumtazama. Akifa, wanabendi ndio wanaobeba jeneza na kupiga mwendo mzima hadi kaburini, na kila mwaka siku ile wimbo wake hupigwa.

Najua mnachotaka kusema. Kwa nini asiitwe mtu zaidi ya mmoja? Walijaribu, zamani. Mwimbaji mmoja alibana majina mawili katika mapigo manne, na familia mbili zikawa na haki moja. Siku moja hii ikawa na harusi na ile ikawa na msiba, bendi ikagawanyika, ngoma huku, matarumbeta kule, na ikachukua miaka minne kuungana. Tangu hapo wakakata shauri kwamba wimbo mmoja una jina moja. Kwa hiyo mlango huo nimeufunga, msinigongee.

Mwimbaji wao alikuwa Bi Sikudhani, mtu mzima, mwenye sauti ambayo ukiisikia unaweka chini ulichoshika. Mwaka ule alikuwa akitunga wimbo mpya. Kama ilivyokuwa tabia yake, mazoezini hakuimba maneno wala tuni yenyewe, alivumisha tu juu juu, maana ghala lile lilikuwa na matundu na bendi nyingine zilikuwa na masikio. Mtu pekee aliyeyasikia maneno alikuwa Semeni. Bi Sikudhani alimwinamia pale kwenye ndoo yake na kumwimbia kwa sauti ya chini, ubeti kwa ubeti, ili apate kuchora bango. Semeni akachora vipande vinne, kila ubeti kipande chake, na kama kawaida yake, akishachora maneno yalimtoka kichwani.

Kisha ikaja siku ya kurekodi. Milango ikafungwa, na kwa mara ya kwanza Bi Sikudhani aliuimba wimbo mzima. Mashine ya Kobelo ilikuwa na tundu moja pungufu, na ngoma ya pili ilikuwa inamsumbua tangu asubuhi. Kobelo akachomoa waya wa maiki ya mwimbaji, akachomeka ya ngoma. Alijiambia sauti ya Bi Sikudhani ipo kila siku, ataichukua kesho; ngoma ndiyo yenye matatizo. Kosa hilo linaweza kufanywa na fundi wa sauti tu, tena fundi mzuri.

Kesho yake Bi Sikudhani alianguka jikoni kwake. Kilikuwa kiharusi. Alipotoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yamekwenda. Alisema "ndiyo" hata alipotaka kusema hapana, na akijisikia akisema hivyo, alilia. Wimbo ukawa umekwenda naye. Wanabendi saba walijaribu kuukumbuka, wakatoa nyimbo saba.

Mwanzoni wageni walijaa kwake hadi viti vikaazimwa. Waliongea naye kwa sauti kubwa, kama watu wanavyofanya na mgonjwa asiyeweza kujibu, kisha wakaongea wao kwa wao, kisha wakaacha kuja.

Melkiori ndiye aliyeendelea. Kila asubuhi alikwenda na gita lake, akaamkia, akakaa kwenye kigoda na kupiga. Hakumwuliza neno. Siku ya kumi na mbili alikuwa akipiga wimbo wa zamani, na Bi Sikudhani akaanza kuvumisha. Melkiori akafanya kile anachokijua: akamfuata. Siku ya ishirini uvumi ukawa neno, na neno likawa mstari. Mwanamke yule hakuweza kuomba maji, lakini aliimba wimbo wa miaka thelathini iliyopita mwanzo hadi mwisho, machozi yakimtoka, na mwanawe aliyekuwa anapepeta mchele uani aliuacha ungo chini akaja mlangoni. Wiki hiyohiyo hoteli moja ya pwani ilimwita Melkiori kupiga kwa miezi sita, pamoja na chumba cha kulala bure. Aliwajibu kwamba ana mgonjwa. Wakachukua mwingine. Lakini ulipofika wimbo mpya, Bi Sikudhani alitikisa kichwa. Haukuwepo. Na Melkiori hakuweza kumsaidia, kwa kuwa ulipotungwa yeye alikuwa akipiga deiwaka Dodoma.

Kobelo naye hakuwa amelala usingizi mzuri tangu siku ile. Alijifungia na rekodi yake isiyo na mwimbaji, akaisikiliza maiki moja baada ya nyingine. Siku moja, katika ile ya ngoma ya pili, ile iliyomponza, chini kabisa ya mlio wa ngozi, akasikia kitu kinapanda na kushuka. Ilikuwa sauti ya Bi Sikudhani, imepenya kutoka upande wa pili wa ghala. Maneno hayakusikika hata moja, lakini njia ya wimbo ilikuwepo. Ili kuinasa ilimbidi avae spika za masikioni, afungue sauti hadi mwisho, na ngoma zimgonge kichwani siku nenda siku rudi kwa majuma sita. Alipomaliza alikuwa na tuni kamili kwenye karatasi, na sikio lake la kushoto lilikuwa linalia kama birika na halijanyamaza mpaka leo.

Wakawa na mdomo unaoimba, na tuni ya kuimba. Maneno ndiyo yaliyobaki. Wakamfuata Semeni Mafiga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa ghalani kufika kwake, naye aliona haya kwa sababu alikuwa na kikombe kimoja.

"Dada, zile picha za wimbo unazo?" akauliza Melkiori.

"Ninazo."

"Zote nne?"

Semeni alitupa jicho kando ya kitanda. "Nipeni siku tatu," akasema.

Picha ya kwanza ilikuwepo, na ya pili, na ya nne. Ya tatu ilikuwa imefunikwa. Aliporudi kutoka kuzika, siku chache baada ya Bi Sikudhani kuanguka, Semeni hakuwa na plaiwudi nyingine mle chumbani, na hakutaka kungoja. Mama yake hakuacha picha hata moja. Na Semeni, ambaye maisha yake yote hakuweza kuchora uso, siku hiyo alikuwa bado anaisikia sauti ya mama yake, jinsi alivyokuwa akimwita kutoka mtoni, jinsi alivyokohoa kabla ya kucheka. Akachukua kile kipande cha tatu, ambacho wakati huo kilikuwa bango lisilotakiwa tena, akakipaka nyeupe, akachora alichokisikia, na uso wa mama yake ukaja. Ulikuja mara ile moja tu. Baadaye alijaribu tena kwenye karatasi akapata bibi yeyote wa sokoni, kwa kuwa sauti ilikuwa imeanza kumpotea. Uso ule aliuweka karibu na kitanda na alikuwa akiuaga akitoka.

Siku ya kwanza kati ya zile tatu aliutazama. Siku ya pili aliutazama. Siku ya tatu alichukua msasa na mafuta ya taa, akaanza kwenye kidevu. Alisugua pole pole asije akala na rangi ya chini, na kila uso ulipopungua, mlango ulitokea: mlango wa mbao umerudishwa, komeo linaning'inia. Alilia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia. Alipofika pembeni mkono ulimwishia nguvu, akaliacha sikio la mama yake lilivyo, na hereni yake.

Asubuhi alivipeleka vipande vyote vinne kwa Bi Sikudhani na kuvipanga ukutani. Melkiori akapiga, Kobelo akaongoza tuni kwa kidole, na Bi Sikudhani akatazama picha ya kwanza, akafungua mdomo. Wimbo ukatoka kama haujawahi kupotea. Ulikuwa wimbo wa mwanamke aliyekaa peke yake, anaandaa nyumba kwa ajili ya mgeni mmoja:

Uwanja nimefagia, mkeka nimetandika,
Mlango nimerudisha, komeo sikuliweka,
Ninayemngoja ni...

Hapo ndipo palipokuwa na mapigo manne. Bi Sikudhani alinyamaza, kwa sababu jina lilikuwa bado halijachaguliwa. Kisha aliinuka kwa shida, akakisogelea kipande cha tatu, akapitisha kidole juu ya lile sikio lenye hereni. Akamtazama Semeni. Semeni akatazama chini.

"Hiyo ni rangi ya zamani, bibi," akasema. "Itatoka."

Bi Sikudhani akajibu "ndiyo," na nani ajuaye alitaka kusema nini.

Habari zikaenea ghalani, na onyesho likapangwa Jumamosi. Siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, Mzee Chanzi aliwaita wote watatu mbele ya Bi Sikudhani. Mzee Chanzi hapendi maneno mengi.

"Ataita jina yeye, hiyo ni haki yake," akasema. "Lakini kuuliza hawezi, basi namwulizia mimi. Kila mmoja aseme lake. Bila Melkiori mdomo usingefunguka. Bila Kobelo tuni isingekuwepo. Bila Dada Mabango tungekuwa tunaimba la-la-la. Hilo tumeshalikubali. Sasa mmoja mmoja aseme kwa nini aitwe yeye."

Kobelo alisimama. "Mzee, mimi ndiye niliyeupoteza. Sijifichi. Nikitajwa, nitajua nimesamehewa. Nisipotajwa, nitakufa nikiwa yule fundi aliyechomoa waya wa Bi Sikudhani. Sikio hili halirudi, na sililii. Nimelilipia kosa langu nalo. Nataka tu niambiwe limetosha."

Melkiori alisimama. "Marehemu baba alipiga gita bendi tano, zote deiwaka. Siku ya kumzika tulikuwa watu sita, na mmoja wao alikuwa anapita njia, akatuhurumia. Hoteli niliiacha mwenyewe, sikusukumwa. Nilimfuata bibi hapa wakati hata haijulikani kama ataimba tena, wala wimbo mpya sikuufikiria. Lakini mzee, sitaki kuzikwa na watu sita."

Semeni alisimama. Watu wote walikuwa wanamtazama, na hilo lilikuwa jambo geni kwake kuliko yote.

"Mimi nilichora," akasema.



"Ni hayo tu?" akauliza Mzee Chanzi.

"Ni hayo tu, mzee. Shikamoo." Akakaa, na watoto wa jirani wakacheka kwa kuwa ameamkia mwisho wa maneno yake.

Maneno yalimjia akiwa Mafiga, kama ilivyo kawaida ya maneno. Aliuambia ukuta wa jirani kila kitu. Kwamba mama yake alikufa wakamwuliza bango. Kwamba siku ya msiba alipika uji mwenyewe, akanywa mwenyewe, akaosha sufuria. Kwamba ameufuta uso wa mama yake kwa mkono wake, na sasa hana mama wala picha ya mama, na kama haitwi Jumamosi basi siku yake ikifika atakayejua ni mwenye nyumba, akija kuuliza mbona mlango haufunguliwi. Alisema vizuri sana. Akafikiria kurudi kwa Mzee Chanzi, akavaa hata viatu, kisha akaona kwamba huzuni ikipelekwa mbele ya watu kuombewa jina itakuwa bidhaa. Akavivua.

Ninyi mmeyasikia hayo. Bi Sikudhani hakuyasikia, aliona tu lile sikio na hereni.

Jumamosi, saa kumi alasiri, ghala lilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Kobelo alikuwa kwenye mashine yake, ameelekeza sikio la kulia jukwaani. Melkiori alikuwa kwenye kiti chake karibu na goti la Bi Sikudhani. Semeni alikuwa kwenye ndoo yake. Wimbo ukaanza, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nawaambia watu wazima walijishika vifua. Ala zikanyamaza. Bi Sikudhani alimtazama Kobelo. Mapigo manne yakapita, hakuita jina.

Desturi inampa mwimbaji nafasi tatu. Bendi ikazunguka, ikarudi palepale, ikanyamaza. Bi Sikudhani alimtazama Melkiori, na Melkiori, mtu wa kumfuata kila mtu, safari hii hakujua amfuate wapi. Mapigo manne yakapita.

Ikabaki nafasi moja. Isipojazwa, wimbo hufungwa bila jina, na hakuna atakayekuwa na haki nao milele. Bendi ikazunguka mara ya mwisho. Semeni alifumba macho. Katika miaka tisa hakuwahi kusikia jina lake likitamkwa pale, na hakutaka kuona midomo, alitaka kusikia. Kobelo aliondoa mikono kwenye mashine. Melkiori alilaza kiganja juu ya nyuzi.

Ala zimenyamaza. Mimi mnaniona nimefika mwisho wa ninachokijua, na nimeisimulia hadithi hii Kihonda wakagombana, nikaisimulia Kilosa nikaondoka wakiwa hawajakubaliana. Mmoja alifungua mdomo, mmoja alileta tuni, mmoja alileta maneno. Mmoja anaomba msamaha, mmoja anaogopa kaburi la watu sita, mmoja hakuomba kitu. Bi Sikudhani amesogeza kiti mbele, na maiki hii nimeielekeza kwako. Mapigo ni manne na jina ni moja.

Haya, unamwita nani?